Likasi: Kabla ya kununua pampu ya mafuta, kagua sensa ya hewa

Gari la petroli linatetemeka likiwa limesimama, linachelewa kuchanganya kwenye mlima, mara linazima njia panda. Wenye magari wengi hukimbilia kubadilisha pampu ya mafuta au nozeli, na ubovu hubaki palepale.

Likasi, mji wa migodi ulio kwenye barabara kati ya Lubumbashi na Kolwezi, hujaa vumbi wakati wa kiangazi. Vumbi likipenya filta ya hewa iliyochakaa, hufika kwenye sensa ya hewa iliyo nyuma yake. Ndani ya sensa mna waya mwembamba unaopashwa moto. Hewa inayopita huupoza, na kutokana na hapo kompyuta ya gari hujua iingize mafuta kiasi gani. Waya ukishika uchafu, hupima hewa pungufu, na injini hupewa mafuta machache.

Mashine ya kusoma makosa ikionyesha P0101, fundi asiagize sensa mpya bado. Aanze na filta, kisha bomba la mpira linalokwenda kwenye injini. Likipasuka, hewa huingia bila kupimwa na dalili hufanana. Halafu azime injini, achomoe plagi ya sensa na kuwasha tena. Injini ikitulia, sensa ndiyo ya kushukiwa.

Sensa chafu husafishwa kwa dawa yake maalumu ya kupuliza, bila kuguswa kwa kitambaa, na huachwa ikauke kabisa. Hali isipobadilika, ndipo presha ya mafuta ipimwe.