Kutupa, Kutosa na Kutia: Maneno Matatu katika Sheria ya Utafiti wa Bahari

Bahari hunyonya karibu robo ya hewa ya ukaa itokanayo na kazi za wanadamu. Wako wanasayansi watakao kujua kama yaweza kunyonya zaidi. Baadhi yao hutia chumvi ya chuma majini ili mimea midogo ielayo isitawi, iivute hewa hiyo, kisha ife na kuzama nayo. Wengine hutia kostiki soda, ile itumiwayo kupikia sabuni, ili maji yapungue uchachu na kupokea hewa zaidi. Kusudi la makala haya ni kueleza sheria ihusuyo majaribio hayo, na kuonyesha kwamba sehemu kubwa yake yategemea maana ya kitenzi kimoja.

Mkataba wa London wa 1972, na Itifaki yake ya 1996, vilitungwa ili kuzuia utupaji wa taka baharini. Itifaki yakataza kutupa kitu cho chote, isipokuwa vichache vilivyoorodheshwa, navyo kwa kibali. Lakini yasema pia kwamba kukiweka kitu baharini kwa kusudi lisilo la kukiondosha tu si kutupa, maadamu hakupingani na makusudi ya Itifaki. Basi sheria haikutazama tendo peke yake. Imetazama nia ya mtendaji.

Mwaka 2008 nchi wanachama zilikubaliana kwamba kurutubisha bahari kumo katika mambo yasimamiwayo na mikataba hiyo. Utafiti halali wa sayansi ukahesabiwa kuwa ni kuweka. Urutubishaji mwingine wo wote usiruhusiwe. Chuma ni kile kile na bahari ni ile ile, lakini mkononi mwa mtafiti tendo lina jina moja, na mkononi mwa mfanya biashara lina jina jingine.

Jambo hili lilipimwa mara moja. Mwanzoni mwa 2009 wataalamu wa Ujerumani na India walisafiri kwa meli Polarstern kwenda kutia chuma katika bahari ya kusini. Serikali ya Ujerumani iliwasimamisha kwanza, ikawaruhusu baada ya athari za jaribio kukaguliwa. Mimea ilisitawi, lakini ililiwa na wadudu wa baharini, na hewa iliyozama ilikuwa kidogo. Mwaka 2010 ukatolewa utaratibu wa kuupima utafiti: uongeze elimu, ukaguliwe na wataalamu wengine, matokeo yake yatangazwe, wala usimletee mtu faida ya fedha moja kwa moja.

Mwaka 2012 takriban tani 100 za chumvi ya chuma zilitiwa katika bahari ya Pasifiki, magharibi ya visiwa vya Haida Gwaii nchini Kanada, na watu waliotumaini kuongeza samaki na kuuza hati za hewa ya ukaa. Mwaka uliofuata Itifaki ilirekebishwa ili utaratibu ule uwe na nguvu ya sheria. Lakini rekebisho lahitaji kukubaliwa na theluthi mbili za wanachama, na waliolikubali ni wachache. Tena limetaja kurutubisha peke yake. Kostiki soda haimo.

Marekani haikujiunga na Itifaki, ila ina sheria yake ya 1972, ambayo maana yake ya kutupa ni pana zaidi. Kwa hiyo wataalamu wa Woods Hole, kabla ya kumimina kostiki soda katika Ghuba ya Maine mwaka 2025, iliwapasa kupata kibali cha utafiti chini ya sheria ya utupaji, ingawa hawakuwa na taka ya kutupa.

Nasi jambo hili latuhusu. Kenya ni mwanachama wa Itifaki. Na Kenya na Tanzania zote zimo katika Mkataba wa Sheria ya Bahari wa 1982, ambao waagiza kwamba mgeni atakaye kufanya utafiti ndani ya maili 200 apate ridhaa ya nchi yenye pwani. Nchi hiyo yaweza kukataa ikiwa vitu vya kudhuru vitaingizwa majini. Siku ombi litakapofika, mvuvi ataelezwa kwa Kiswahili. Kwa neno gani?

Kutosa, kitenzi cha kusababisha kilichotokana na -tota, chaeleza kuingia majini tu, nia haimo. Tukilitumia neno hili, tofauti iliyowekwa na sheria yapotea. Kutupa kuna nia ya kuacha, lakini si daima: mvuvi hutupa wavu akijua atauvuta. Kuweka kwafaa kwa boya au nanga, vitu vikaavyo mahali. Chuma kilichoyeyuka hakikai.

Kwa maoni yangu, tendo likatazwalo liitwe kutupilia mbali, na la mtafiti liitwe kutia, kama tutiavyo chumvi katika chakula au mbolea shambani. Neno hilo halimsifu mtafiti wala halimhukumu: chumvi ikizidi, chakula huharibika. Anayeambiwa kwamba kitu kitatiwa atauliza ni kiasi gani, kwa faida ya nani, na ni nani atakayeonja. Maswali hayo matatu ndiyo yale yale yaulizwayo na sheria.