Kitanda cha Jeanne Jugan

Je, ndugu msomaji, ungeweza kumpa kitanda chako mzee usiyekuwa na undugu naye, wewe mwenyewe ukalale darini? Mtumishi mmoja wa nyumbani alifanya hivyo katika majira ya baridi ya mwaka 1839, katika mji wa Saint-Servan, pwani ya Ufaransa.

Jina lake lilikuwa Jeanne Jugan. Alizaliwa Cancale mwaka 1792. Baba yake, mvuvi, alipotelea baharini Jeanne akiwa bado mtoto. Alikuwa na umri wa miaka 47 alipomchukua Anne Chauvin, mjane kipofu aliyepooza. Baada ya huyo wakaja wengine.

Wazee hao walizoea kuombaomba. Jeanne aliwakalisha nyumbani, akatwaa kikapu, akapita mlango kwa mlango kuwaombea chakula, kuni na nguo kuukuu. Wanawake wengine walijiunga naye, na hivyo likazaliwa shirika la Masista Wadogo wa Maskini.

Lakini mwaka 1843, masista walipomchagua tena kuwa mkuu wao, padri Auguste Le Pailleur aliutangua uchaguzi huo, na baadaye akajiita yeye mwanzilishi. Jeanne aliendelea kubeba kikapu chake. Mwaka 1845 Akademia ya Ufaransa ilimtunukia tuzo kwa wema wake. Mwaka 1852 akaamriwa kuacha kazi hiyo, akae katika nyumba kuu ya shirika. Huko aliishi miaka 27, na wasichana waliokuja kuutafuta utawa hawakujua kwamba bikizee yule ndiye aliyeanzisha yote.

Alipofariki tarehe 29 Agosti 1879, shirika lilikuwa na masista wapatao 2,400. Mwaka 1890 Roma ilimwondoa padri yule madarakani, na ukweli ukaanza kujitokeza polepole. Mwaka 2009 Papa Benedikto wa 16 alimtangaza Jeanne kuwa mtakatifu.

Leo masista wake wanawatunza wazee katika nchi nyingi, hata Nairobi, mtaa wa Kasarani.

Askari hujua maana ya kulinda lindo usiku bila ya kutajwa jina asubuhi. Mama wa nyumbani naye anaijua. Jina la Jeanne lilifichwa, ila wazee hawakukosa chakula wala mahali pa kulala. Basi tuulizane: mzee wa nyumbani kwetu, leo amelala wapi?