Mwenye alama chache akishinda, hesabu haijakosea

Kwenye sataranji, mchezaji wa chini akimfunga wa juu, naulizwa swali lile lile: "Huyu amewezaje?" Na muulizaji hasubiri jibu, analo tayari: kabahatisha, au kaiba.

Tuchukue mfano ambao hauishi midomoni. Tarehe 4 Septemba 2022, mjini Saint Louis, Marekani, Hans Niemann wa miaka 19, mwenye alama 2688 za Elo, alimfunga bingwa wa dunia wa wakati huo, Magnus Carlsen, mwenye 2861, tena kwa kete nyeusi. Carlsen alikuwa amecheza michezo 53 bila kufungwa. Kesho yake akajitoa mashindanoni, uvumi wa udanganyifu ukashika kasi.

Haya, tuhesabu. Alama za Elo, kipimo cha nguvu ya mchezaji, ni utabiri, si hukumu. Kwa pengo la 173, mdogo hutarajiwa kupata takriban pointi 27 katika michezo 100, sare ikiwa nusu pointi. Akishinda 10 na kutoka sare 34, keshazitimiza. Hata pengo likifika 400, bado anatarajiwa 9. Mkubwa asipopoteza hata nusu pointi, hapo ndipo pa kushangaa! Ushindi ule ulikuwa na thamani ya alama 7.3 tu kwa Niemann.

Kisha kuna dawa ya wapiga ramli: "Nimeupitisha mchezo kwenye programu, umetoa usahihi wa asilimia 97!" Umetoa, kwa hiyo? Malkia wakiondoka ubaoni mapema na kila hatua ikawa ya kulazimika, hata mwanafunzi hupata asilimia hiyo. Mpinzani akikosea, hatua nzuri hujionyesha zenyewe. Na programu mbili hukokotoa kwa kanuni mbili. Mchezo mmoja hauthibitishi kitu. Kenneth Regan, anayechunguza udanganyifu wa sataranji kwa takwimu, alipitia michezo mingi ya Niemann ya ubaoni asione ushahidi wa udanganyifu. Niemann mwenyewe alikiri kudanganya mtandaoni akiwa na miaka 12 na 16. Hilo ni kosa lake, ila si ushahidi wa Saint Louis. Mwaka 2023 aliyetozwa faini ya euro 10,000 na FIDE, shirikisho la sataranji duniani, ni Carlsen, kwa kujitoa bila sababu halali.

Na wewe, umepangiwa mkubwa? Cheza ufunguzi unaoujua. Usibadilishane kete kwa woga ukitafuta sare. Kete zikibaki chache ndipo anapokumaliza. Tunza dakika zako. Akikuomba sare, jiulize kwa nini. Unashuku wizi? Mwite mwamuzi papo hapo, si kundi la WhatsApp. Umefungwa? Chambua kwa kichwa chako kwanza, kompyuta baadaye.