Je, Wajua? Dalali wa Mahakama Akipiga Hodi Uingereza

Dawa ya deni ni kulipa, walinena wahenga. Kati ya deni na malipo, hata hivyo, husimama dalali wa mahakama. Huko England na Wales, sheria ya mwaka 2007, ambayo utaratibu wake wa madalali ulianza kutumika Aprili 2014, imempimia nguvu zake hatua kwa hatua. Wadaiwa wengi humwogopa kwa yale asiyoweza kuyafanya, wakasahau kinachowaumiza kweli: gharama zinazopanda wao wakiwa kimya.

KABLA HAJAFIKA

• Dalali haibuki tu. Lazima kwanza itumwe ilani ya maandishi, na mdaiwa apewe siku 7 kamili. Jumapili na sikukuu za kitaifa hazihesabiwi.

• Ilani hiyo nayo ina bei. Viwango vya mwaka 2014 viliongeza paundi 75 juu ya deni mara tu faili linapomfikia dalali, paundi 235 akishafunga safari hadi nyumbani, na paundi 110 mali inapoanza kupelekwa mnadani. Kwa hesabu hiyo, deni la paundi 100 hufika 410 kabla hata kijiko hakijatoka ndani.

• Si kila karatasi inayobandikwa kwenye kioo cha gari ni faini. Ya halmashauri ina utaratibu wake maalumu unaoishia kwa dalali. Ya kampuni binafsi ya maegesho ni madai ya kawaida: kampuni haina dalali wa kutuma mpaka ishinde kesi mahakamani na hukumu ipite bila kulipwa.

• Kodi ya nyumba inayokwenda halmashauri hulipwa kwa awamu, lakini kanuni za mwaka 1992 ziliweka mtego. Ukikosa awamu moja na siku 7 za ukumbusho zikapita, unaweza kupoteza haki ya kulipa kidogo kidogo na kudaiwa salio lote la mwaka kwa mkupuo.

MLANGONI

• Saa zake za kawaida ni kuanzia saa 12 asubuhi hadi saa 3 usiku.

• Haruhusiwi kuparamia dirisha, hupita mlangoni. Kwa kodi ya halmashauri au faini ya maegesho, anapokuja mara ya kwanza hawezi kuvunja mlango wala kumsukuma mtu ili aingie. Mdaiwa anaweza kuzungumza naye mlango ukiwa umefungwa, na kumtaka aoneshe kitambulisho na hati ya kazi.

• Faini iliyotolewa na mahakama kwa kosa la jinai ni habari nyingine: kwa faini hiyo, sheria inaruhusu mlango kuvunjwa. Tofauti hii ina mizizi mirefu. Katika kesi ya Semayne ya mwaka 1604, majaji waliamua kwamba ofisa hawezi kuvunja nyumba kwa deni la mtu binafsi, lakini kwa shauri la mfalme anaweza, baada ya kubisha hodi na kueleza kilichomleta.

• Akikuta ndani kuna mtoto wa chini ya miaka 16 peke yake, haruhusiwi kuingia kukamata mali.

• Akishaingia kwa amani na mdaiwa akatia saini makubaliano ya kulipa huku vyombo vikiwa vimeorodheshwa, mambo hubadilika. Makubaliano yakivunjwa, anaweza kurudi na kuingia kwa nguvu.

VYOMBO

• Jiko, friji, mashine ya kufulia, vitanda na matandiko, meza na viti vya kulia vinavyotosha familia: hivyo haviguswi. Mbwa na paka wa nyumbani pia hawaguswi.

• Vifaa vya kazi hulindwa hadi thamani ya jumla ya paundi 1,350. Cherehani ya fundi imo, na kompyuta ya mwandishi imo.

• Gari lililoegeshwa nje halihitaji mlango wa mtu kufunguliwa. Dalali anaweza kulifunga gurudumu barabarani, isipokuwa kama lina kibali cha mlemavu na linatumika kwa ajili yake.

• Mali ya mpangaji mwenzako si mali yako. Dalali hukamata mali ya mdaiwa tu, ingawa mwenye kitu anaweza kutakiwa kuonesha risiti.

ENZI ZA JELA

• Mwaka 1824, baba yake mwandishi Charles Dickens alifungwa katika gereza la Marshalsea, London, kwa deni la paundi 40 na shilingi 10 alilodaiwa na mwoka mikate. Charles, mwenye miaka 12, alikuwa akifanya kazi katika kiwanda cha rangi ya viatu.

• Sheria ya mwaka 1869 ilikomesha kifungo kwa madeni mengi, si yote. Wales iliacha kuwafunga wadaiwa wa kodi ya halmashauri mwaka 2019 tu.

NA KWETU JE?

• Sheria ya Kenya ya kukamata mali kwa kodi ya pango, Sura ya 293, ilimpa mwenye nyumba nguvu zilezile za sheria ya kale ya England, tena ikiitaja England kwa jina. England yenyewe ilifuta nguvu hizo mwaka 2014, na kubakiza utaratibu mpya kwa majengo ya biashara pekee.

• Sheria za mashauri ya madai za Kenya na Tanzania zilichota kutoka kwa ile ya India ya mwaka 1908. Ndiyo maana zote mbili zinakataza mdaiwa kunyang'anywa vyombo vya kupikia, nguo za lazima na matandiko.

NJIA ZA KUTOKA

• Tangu Mei 2021, mdaiwa wa England au Wales anaweza kuombewa na mshauri wa madeni nafasi ya kupumua ya siku 60. Kwa madeni yaliyomo, madalali husimama na riba nyingi hukoma. Faini za jinai hazimo.

• Hukumu ya deni ikilipwa yote ndani ya mwezi mmoja, hufutwa kwenye daftari la hukumu. Ikichelewa, jina hukaa humo miaka 6.

• Aliyehama na kuhukumiwa faini bila kupata barua anaweza kula kiapo ndani ya siku 21 tangu alipojua. Hukumu hutenguliwa na kesi huanza upya.

• Shirika la ushauri la Citizens Advice lilianza kazi tarehe 4 Septemba 1939, siku moja baada ya Uingereza kuingia vitani. Ushauri wake kuhusu madeni ni bure, wakati hodi moja ya dalali iliwekewa bei ya paundi 235.