Namba ya simu ni ya nani?

Karatasi ya mahudhurio ya mafunzo ilikuwa mezani kwa bwana shamba, imekunjamana, ina doa la chai. Jina, kijiji, simu, sahihi. Kwenye safu ya simu namba moja ilijirudia: mbele ya jina la mwanamume, kisha mistari michache chini, mbele ya jina la mwanamke. Pengine mama kaweka dole gumba tu, na penye simu imeandikwa namba ya shemeji yake.

Mwenye meza, afisa ugani wa kata moja ya mpunga wilayani Mvomero, alicheka nilipomwonesha. Mafunzo yanayofuata, alinieleza, watu huitwa kwa meseji. Meseji inaingia kwenye simu ya baba. Baba anasoma, anaona kuna soda na nauli, anakwenda mwenyewe. Hana kosa, kaalikwa.

Somo lenyewe ni kilimo shadidi: mche upandikizwe ungali mchanga, wa siku 8 hadi 12, mmoja mmoja kila shimo, kwa nafasi ya sentimita 25 kwa 25. Lakini wanaoinama matopeni kupandikiza, anasema, ni akina mama, wengi wao vibarua. Basi baba anarudi na daftari lake, na miche ya wiki tatu inazidi kuchomekwa kwa mafungu kama zamani.

Wakubwa wa ofisini husema mkulima hana mwamko. Bwana shamba hataki kusikia hayo. Kwake yeye, saa ndiyo inayochagua wanafunzi: ita watu saa nne asubuhi msimu wa palizi, watakuja wenye vibarua, anayejilimia mwenyewe haonekani. Anaamini zaidi shamba darasa, lile lililoanzia kwenye mpunga wa Indonesia mwaka 1989, ambako kikundi hukutana shambani tangu kupanda hadi kuvuna. Utafiti wa Kenya, Uganda na Tanzania uliochapishwa 2012 ulionesha kuwa liliwafaa hasa wanawake na wasiojua sana kusoma. Ila nalo linataka muda wa msimu mzima. Mama mwenye mtoto mgongoni autoe wapi? Na posho ikifutwa, nani atabaki? Hilo la posho hakulijibu.

Waandaaji wa mafunzo, kabla ya kutuma meseji ulizeni kila namba ni ya nani, na nani atapandikiza msimu huu. Huyo ndiye wa kualikwa.