Seva ya msimbo pembeni mwa ofisi

Usiku wa kuamkia uchaguzi mkuu wa Januari 14, 2021, intaneti ilizimwa Uganda nzima na ilichukua siku kadhaa kurudi. Watengeneza programu ambao kazi zao hukutania kwenye seva za ng'ambo hawakuwa na njia ya kupelekeana mabadiliko, hata na mwenzao wa meza ya pili, ila kwa kubebeana flashi.

Ajabu ni kwamba Git, programu inayotunza historia ya kila badiliko, haitegemei intaneti. Linus Torvalds aliiandika mwaka 2005, baada ya watengenezaji wa kiini cha Linux kunyimwa matumizi ya bure ya BitKeeper. Kila kompyuta hubeba historia yote. Panapohitajika ni mahali pa kukutania tu, na kompyuta kuukuu yenye Linux, iliyounganishwa na rauta ya ofisi, inatosha kabisa.

Kwenye Debian au Ubuntu huanzwa na sudo apt install git openssh-server, kisha sudo adduser git ili kupata mtumiaji mmoja wa wote. Kila mfanyakazi hutoa ufunguo wake wa umma wa SSH, nao huandikwa katika mstari wake kwenye faili .ssh/authorized_keys la mtumiaji huyo. Fundi akiwa ameingia kama git, huandika:

git init --bare mradi.git

Neno bare ndilo husahaulika. Likikosekana, Git hukataa kupokea kazi inayosukumwa kwenye tawi lililo wazi, na watu hupoteza asubuhi nzima wakilaumu mtandao. Kwenye kompyuta nyingine, kama anwani ya seva ni 192.168.1.10, huandikwa:

git clone git@192.168.1.10:mradi.git

Mambo yakishakaa sawa, mtumiaji git hubadilishiwa ganda kuwa git-shell, ili aweze kuvuta na kusukuma kazi tu, asizurure ndani ya seva.

Kinachobaki ni umeme na diski. Seva yenye diski moja ikiungua, kazi iliyosukumwa jioni ambayo hakuna aliyeivuta hubaki kwa aliyeiandika peke yake. Nakala ya kila usiku kwa git clone --mirror, kwenye diski ya nje inayofungiwa kabatini, huepusha hilo. Mfanyakazi akihama, mstari wake hufutwa siku hiyohiyo, ingawa nakala aliyokwisha kuichukua huondoka naye.