Kompyuta ya duka: Windows au mfumo wa simu?

Mfanyabiashara anayetafuta kompyuta ya duka hukutana na aina mbili sokoni. Ipo iliyozoeleka, inayoendeshwa na Windows, na ipo Chromebook, ambayo hufungua programu nyingi za simu za Android. Chromebook mara nyingi huwa rahisi kwa bei. Hata hivyo, bei ya kununulia si gharama yote.

Mfumo endeshi ni programu mama inayoziwezesha programu nyingine kufanya kazi. Windows, iliyotoka mara ya kwanza mwaka 1985, ilitengenezwa kwa kompyuta za mezani. Android iliingia sokoni na simu mwaka 2008, na mwaka 2014 programu zake chache zilianza kufunguliwa kwenye Chromebook.

Kwa muuzaji wa rejareja anayetunza hesabu kwa intaneti, Chromebook yatosha. Huwaka haraka, na mtu aliyezoea simu hujifunza upesi. Lakini programu ya hesabu iliyotengenezwa kwa Windows, kama Tally, haiwekwi moja kwa moja kwenye Chromebook. Mashine ya zamani ya kuchapia risiti nayo huenda isitambuliwe. Mwenye vitu hivyo akibadilisha mfumo, hulazimika kununua upya.

Jambo la pili ni umri wa mashine. Kila mfumo una siku ambayo mwenye kuutengeneza huacha kutoa marekebisho ya usalama, na baada ya hapo hesabu za duka hubaki wazi kwa wezi wa mtandaoni. Huduma ya kawaida ya Windows 10 ilikoma tarehe 14 Oktoba 2025. Windows 11 nayo ina masharti ambayo kompyuta nyingi zilizotengenezwa kabla ya 2017 haziyatimizi. Kwa Chromebook, Google ilitangaza mwaka 2023 kipindi cha miaka 10, lakini miaka hiyo huhesabiwa tangu aina hiyo ya mashine ilipotoka, si tangu siku ya kuinunua.

Wapo waliokwishaumia. Mwaka 2016 kampuni ya Jide ilitoa Remix OS, yaani Android ya kuwekwa kwenye kompyuta za kawaida. Julai 2017 ikatangaza kuacha soko la watumiaji wa kawaida.

Hesabu yenyewe ni nyepesi: gawa bei kwa miaka iliyobaki. Tuseme mashine iliyotumika inauzwa Sh. 300,000 na imebakiza miaka 2. Hiyo ni Sh. 150,000 kwa mwaka. Nyingine ya Sh. 600,000 yenye miaka 6 ni Sh. 100,000 kwa mwaka. Iliyoonekana ghali ndiyo rahisi.

Kabla ya kulipa, mnunuzi aandike programu na vifaa vyote anavyotumia, kisha amtake muuzaji aiwashe mashine na kumwonyesha tarehe ya mwisho ya marekebisho. Muuzaji asiyeweza kuionyesha, punguzo lake lisimshawishi mtu.